Pimeni mikono yote miwili

Chumba nilichopimia wajawazito kwa miaka sita kilikuwa na dirisha moja, na chini ya dirisha hilo meza ya mbao iliyobanwa kwenye pembe ya ukuta. Kiti cha mama kiliwekwa pale palipobaki nafasi. Akikaa, meza inakuwa kushotoni kwake, kwa hiyo mkono unaolala mezani ni wa kushoto. Namfunga mkanda wa presha, nabonyeza pampu, nasikiliza, naandika kwenye kadi, namwita anayefuata. Siku za kliniki walikuja akina mama hamsini, sitini. Wote niliwapima mkono wa kushoto. Hakuna mkubwa wa kazi aliyeniagiza hivyo. Meza ndiyo iliyoamua.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimezaliwa Shinyanga, na sehemu kubwa ya utumishi wangu imepita katika vituo vya afya vya ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita. Naandika kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja kwangu mwaka 2019, na kwa sababu ya ugonjwa ambao niliusikia chuoni mara moja tu, kwa sentensi moja, nikaujibu kwenye mtihani kisha nikausahau.

Alikuwa na miaka 24, mimba ya pili. Aliishi kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Nyarugusu, na kazi yake ilikuwa kugonga mawe. Kwa asiyefika huko: mawe yakitolewa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, kabla hayajaenda kwenye karasha kusagwa, hupondwa kwanza kwa nyundo mpaka yawe kokoto. Wanaofanya kazi hiyo wengi ni wanawake. Wanakaa chini, miguu wameinyoosha, mtoto mgongoni au kalala pembeni kwenye kanga, na vumbi jeupe limewaganda mpaka kwenye kope. Wanalipwa kwa kipimo cha walichoponda. Mkono ukichoka, siku hiyo imepotea.

Yeye alikuwa mtu wa shoto. Nyundo aliishika kwa kushoto. Mahudhurio ya kwanza aliniambia maneno ambayo nayakumbuka yalivyo: "Sista, nikigonga kama mara ishirini, mkono unaisha nguvu kama vile si wangu. Nikiuacha kidogo unarudi. Nikigonga tena, unaisha." Nikamwambia, "Punguza kazi, mayu, wewe ni mjamzito." Akacheka kwa adabu. Wote wawili tulijua kwamba hana namna ya kupunguza.

Alikuwa na mengine. Kizunguzungu akiinuka. Homa za jioni zinazokuja na kuondoka tangu kabla ya mimba. Kupungua mwili. Tulipima malaria, hakuna. Damu ilikuwa chini kidogo, tukampa vidonge vya kuongeza damu. Presha yake mahudhurio ya kwanza ilikuwa 95 kwa 60, ya pili 90 kwa 60, ya tatu 100 kwa 60. Nilimsifia. Mkunga anayehangaika na kifafa cha mimba kila wiki akiona presha kama hiyo roho yake inatulia. Nikaandika kwenye kadi, kwa mwandiko wangu, kwamba hali ni nzuri.

Mahudhurio ya nne, mimba ikiwa na wiki 31, alikuja analalamika kichwa. Siku hiyo aliyekuwa mezani ni mwanafunzi wa uuguzi aliyeletwa kwetu kwa mazoezi. Mama alikuja na mtoto wake wa kwanza, amelala fofofo kwenye mkono wa kushoto. Yule binti hakutaka kumwamsha mtoto. Akazunguka meza, akajibana kati ya kiti na ukuta, akamfunga mama mkanda mkono wa kulia. Kisha akaniita kwa sauti ya chini, ile ambayo wauguzi huitumia wasipotaka kumshtua mgonjwa: "Sista, naomba uje mara moja."

182 kwa 112. Nikarudia mwenyewe, 180 kwa 110. Tukamlaza mtoto kitandani, nikapima kushoto: 96 kwa 60. Nikadhani mashine imeharibika. Nikajipima mimi, mikono yangu yote miwili ikasoma sawa. Ndipo nikaweka vidole kwenye kifundo chake cha mkono wa kulia, mapigo yanagonga kama ngoma. Nikaweka vidole kushoto. Kimya. Nilivihamisha mara tatu nikidhani nimekosea mahali, nikavibana, nikavilegeza. Mkono ulikuwa wa mtu mzima anayezungumza nami, una joto, na ndani yake hamna mapigo.

Tulimpa dawa tulizokuwa nazo na gari la wagonjwa likaondoka. Wakati ule kwenda Mwanza kutoka Geita tulipitia kivuko cha Kigongo na Busisi, na foleni ya kivuko haikuwa na huruma na mtu. Leo kuna daraja la kilomita 3 juu ya ziwa, limefunguliwa Juni 2025, na kila nikilipita nawakumbuka akina mama niliokaa nao kwenye gari tukisubiri pantoni. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, njiti, akakaa kifuani kwa mama yake kwa wiki kadhaa kama tunavyowafundisha. Mama alinusurika. Siku ya tatu daktari alimtajia jina la ugonjwa wake, naye akaliandika nyuma ya kadi ya kliniki ili anipelekee mimi: Takayasu.

Hilo ni jina la mtu. Mikito Takayasu alikuwa daktari wa macho huko Japani, na mwaka 1908 alichapisha habari za mwanamke kijana ambaye mishipa ya nyuma ya jicho lake ilikuwa imejifunga na kuzunguka kama shada. Madaktari wenzake wawili, Onishi na Kagoshima, wakasema wao pia wameona macho ya namna hiyo, tena kwa wagonjwa ambao mapigo ya mkononi hayapatikani. Miaka mingi ugonjwa huo uliitwa ugonjwa wa kukosa mapigo. Mimi nautafsiri hivyo hivyo ninapomweleza mgonjwa, kwa sababu anaweza kuuhakikisha mwenyewe kwa vidole vyake.

Kinachotokea ni hiki. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaugeukia ukuta wa mishipa mikubwa: aota, ambayo ndiyo bomba kuu linalotoka kwenye moyo, na matawi yake ya kwanza yanayokwenda kichwani, mikononi, kwenye figo. Ukuta unavimba ndani kwa ndani, unakuwa mnene, njia ya damu inakuwa nyembamba mpaka inaziba. Shingoni, kwenye ultrasaundi, mshipa unaonekana mnene na mweupe kote kuuzunguka, na wataalamu wa picha huufananisha na makaroni. Mahali pengine ukuta huchoka, badala ya kuziba ukatanuka kama puto. Mshipa unaoshambuliwa mara nyingi kuliko mingine ya mikono ni ule wa chini ya mtulinga wa kushoto, ule ule unaopeleka damu kwenye mkono niliokuwa nikiupima.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Presha ya kweli ya mama yule, ile iliyokuwa inaupiga ubongo wake na moyo na figo na kondo la nyuma, ilikuwa 180. Mkono wa kushoto haukuweza kuisema kwa sababu bomba lake limeziba. Na mkono usiopata damu ya kutosha ndio unaochoka baada ya nyundo ishirini na kurudi ukipumzishwa. Alinieleza ugonjwa wake kwa usahihi kuliko kitabu chochote, siku ya kwanza kabisa, nami nikamwambia apunguze kazi.

Kuna ndugu wa ugonjwa huu ambao huwapata wazee waliopita miaka 50. Unashambulia mishipa ya panja na ya macho, kichwa kinauma upande, taya linachoka wakati wa kutafuna, na mtu anaweza kuamka hana jicho. Huo uko sana Ulaya ya kaskazini na ni adimu kwetu. Takayasu ndio wa vijana. Mara nyingi huanza kabla ya miaka 40, na katika kila wagonjwa 10, wanane au tisa ni wanawake. Yaani ni ugonjwa wa watu wale wale wanaokaa kwenye kiti changu siku ya kliniki.

Je, ni wengi? Daktari mmoja rafiki yangu aliniambia nisijisumbue, huo ni ugonjwa wa mtihani, mtu anastaafu hajauona. Nilikaa na kalamu. Katika nchi zinazohesabu, wagonjwa wapya ni kama mmoja au wawili kwa mwaka katika kila watu milioni 1. Japani, ambako wanaandikishwa, kuna zaidi ya watu 5,000 wanaoishi nao, sawa na watu 40 hivi katika kila milioni. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Geita na watu 2,977,608 na Shinyanga na watu 2,241,299. Jumla ni milioni 5 na ziada. Kama sisi ni kama wenzetu, mikoa hii miwili peke yake inapata wagonjwa wapya kati ya 5 na 10 kila mwaka. Kama tungekuwa kama Japani, wanaoishi nao leo wangefika 200. Ni hesabu ya muuguzi, siyo utafiti, na huenda sisi ni wachache kuliko Japani. Lakini wapo wapi hata hao 5 wa mwaka huu?

Mtu asiseme kwamba Mwafrika hapati. Cape Town, hospitali ya Groote Schuur, madaktari walikusanya wagonjwa 272 wa Takayasu katika miaka 50 na kuwachapisha mwaka 2005, na dalili iliyowaleta wengi wao hospitali ilikuwa presha ya kupanda. Johannesburg, tangu mwaka 1961, daktari Isaacson aliandika kuhusu aota zilizoharibika za vijana wa Kiafrika. Groote Schuur waliwapata kwa sababu waliwatafuta. Huku kwetu binti wa miaka 22 akipata kiharusi tunasema ni presha, akizikwa tunasema ni mapenzi ya Mungu, na hakuna aliyeshika mikono yake yote miwili akiwa hai.

Tena kwenye ukanda huu ugonjwa umepata maficho mazuri kuliko mahali pengine. La kwanza ni kazi yenyewe. Kwenye machimbo kila mtu mkono unamuuma. Mwanamke wa mjini akisema mkono unaishiwa nguvu akianika nguo, mtu atashtuka. Wa Nyarugusu akisema hivyo, tunamjibu kama nilivyojibu mimi. Siku hizi nauliza maswali mawili: mkono mmoja au yote? Na ukipumzika, inachukua muda gani kurudi? Mkono uliochoshwa na nyundo unauma hata usiku. Mkono ulioziba mshipa unauma ukifanya kazi, ukiacha unanyamaza baada ya dakika chache.

La pili ni kifua kikuu. Vumbi la mawe linaharibu mapafu, vibanda vimebanana, na TB kwa wachimbaji ni ya kweli, tunaikuta kila mwezi. Kwa hiyo anayekuja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito tunamwangalia TB, na tunafanya vizuri. Tatizo ni makohozi yanapokuwa safi, picha ya kifua ikawa safi, na bado tunamwanzishia dawa kwa kubahatisha, miezi 6, huku mishipa inaendelea kufunga. Takayasu huanza hivyo hivyo, kwa homa na uchovu na kukonda, kabla mapigo hayajapotea. Wanasayansi wamehisi kwa muda mrefu kwamba huenda magonjwa haya mawili yana uhusiano, kwa kuwa yanakutana mara nyingi kwa mgonjwa mmoja, lakini haijathibitishwa. Kilicho wazi ni kwamba dawa ya Takayasu inashusha kinga, na ukimpa mtu mwenye TB iliyojificha bila kumchunguza, unaweza kuiamsha. Lazima yote mawili yatafutwe.

La tatu nalisema kwa uchungu kwa sababu ni la kwetu Wasukuma na sitaki kulifunika. Mama yule aliporudi kutoka Mwanza, nyumbani kulikuwa kumeshasemwa. Mkono wa binti umekufa mapigo, mtoto kazaliwa kabla ya siku zake, presha imetokea upande mmoja tu. Wapi umewahi kusikia mwili unagawanyika hivyo? Bibi mmoja jirani alitajwa. Aliyekulia Shinyanga, Mwanza au Geita anajua kutajwa ni nini. Vikongwe wamekatwa mapanga katika mikoa hii kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka yote. Nilipanda bodaboda nikaenda. Nilishika mikono ya mume wake, ya mama mkwe, ya watoto, nikawaonyesha pa kuweka vidole, kisha nikawapa mkono wa mgonjwa. Nikawachorea bomba la maji lililoota kutu ndani. Mzee wa pale, aliyewahi kufanya kazi ya kuvuta maji kwa pampu kwenye maduara, alielewa kabla sijamaliza kuchora. Bibi yule hakuguswa. Lakini nilirudi nikiwaza: ugonjwa usio na jina, katika nchi hii yetu, unaweza kumuua hata mtu asiyeugua.

Matibabu yapo. Ya kuanzia hata si ghali: prednisoloni, vidonge vidogo ambavyo duka lolote la dawa wilayani unavikuta. Vinatuliza ule uvimbe wa kuta za mishipa, ambao mimi nauita moto. Kwa kuwa vikitumika muda mrefu kwa kiwango kikubwa vinavimbisha uso, vinapandisha sukari na kula mifupa, daktari huongeza dawa nyingine kama methotreksati au azathioprini ili prednisoloni ipunguzwe polepole. Methotreksati haipatani kabisa na mimba, kwa hiyo mkunga lazima awemo kwenye mpango tangu mwanzo. Uzazi wa mpango hapa ni sehemu ya tiba. Kuna sindano mpya zaidi, bei yake sitaitaja kwa mama anayeuza dagaa. Mishipa iliyoziba vibaya inaweza kutanuliwa au kupitishiwa njia mpya kwa upasuaji, moto ukishatulia, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Katoro, huku Geita.

Mzigo wenyewe uko kwenye kuendelea. Ugonjwa huu hautibiwi wiki mbili ukaisha. Unatulia, unarudi, unatulia. Mgonjwa wangu alikatisha dawa mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu uso ulimvimba na majirani wakasema ananenepa kwa siri, mara ya pili kwa sababu ya nauli. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilikuwa inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ng'ambo ya hapo ni mfuko wako. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Naomba wanaoandaa vitita vyake wawakumbuke watu wa magonjwa haya ya muda mrefu yasiyo na majina makubwa, hasa kipimo cha damu cha kila miezi michache na vidonge vyenyewe, maana hivyo ndivyo vinavyomzuia mtu asifike kwenye upasuaji wa mamilioni.

Kugonga mawe aliacha. Hakuchagua, mkono ulimwachisha. Mume alivumilia mwaka mmoja na nusu, akaenda machimbo mengine, akawa hatumi kitu. Sasa mama yule anapima dagaa kwa kikombe kwenye soko la Katoro, kwa mkono wa kulia, ambao amejifunza kuutumia ukubwani. Jicho la kushoto linaona ukungu. Kizunguzungu kikimshika anakaa chini popote alipo, hata katikati ya barabara, kwa sababu amewahi kuanguka. Yule njiti anasoma.

Basi ninachoomba ni kidogo sana, na nakiomba kwa wauguzi wenzangu, matabibu, waganga wakuu wa wilaya, na Wizara ya Afya inayochapisha kadi. Mgonjwa anapokuja mara ya kwanza, apimwe presha mikono yote miwili. Namba zote mbili ziandikwe. Kwenye kadi ya kliniki ya wajawazito ziwekwe nafasi mbili, kulia na kushoto, kwa mahudhurio ya kwanza. Nafasi tupu kwenye karatasi humsumbua muuguzi. Mimi najua, nimejaza kadi maelfu. Pasipo na nafasi hakuna atakayekumbuka.

Rafiki yangu daktari anasema nina kituo chenye malaria, watoto njiti, akina mama wanaotoka damu, na muuguzi mmoja kwa wajawazito 60. Naongezaje kazi kwa ajili ya ugonjwa wa watu 5 kwa mwaka? Hoja yake ni nzito na nimeipigia hesabu. Kupima mkono wa pili kunachukua dakika moja. Kwa akina mama 60 ni saa nzima, na saa nzima siku ya kliniki siwezi kuipata popote. Ndiyo maana nasema mahudhurio ya kwanza tu. Wanaokuja mara ya kwanza kwa siku huwa 10, pengine 12. Dakika 12. Baada ya hapo unapima ule mkono wenye namba kubwa siku zote, na kazi inakwenda kama kawaida. Miongozo ya kimataifa ya presha inasema hivyo hivyo, tena kwa watu wote wazima, kwa sababu tofauti ya mikono haionyeshi Takayasu tu: inaonyesha pia wazee ambao mishipa yao imeziba kwa sigara, sukari na mafuta, na hao si 5.

Tofauti ndogo isimtishe mtu. Mikono ya wengi wetu hupishana kidogo, chini ya 10, na hiyo si ugonjwa. Ikifika 20 kwa namba ya juu, rudia baada ya dakika tano. Ikibaki, shika mapigo pande zote, weka kipimo cha kusikilizia shingoni na juu ya mtulinga usikilize kama damu inavuma, kama upepo unaopita kwenye nyasi. Omba maabara wapime ESR. Hicho ni kipimo cha bei nafuu: damu inasimamishwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, unasubiri saa moja, unaangalia chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwilini mkiwa na moto, zinashuka kwa kasi. Kikiwa kawaida hakimwondolei mgonjwa shaka, lakini kikiwa juu sana kwa binti asiye na mapigo ya mkono, una sababu ya kuandika rufaa inayoeleweka. Andika namba za mikono yote kwenye barua ya rufaa. Rufaa inayosema "presha na kichwa" italala kwenye meza ya mapokezi. Inayosema "kulia 180, kushoto 96, mapigo ya kushoto hayapo" itamfanya daktari ainuke. Mashine za CT sasa zimefika hospitali za rufaa za mikoa, kwa hiyo si lazima kila mtu avuke ziwa ili mishipa yake ionekane.

Meza ile niliihamisha wiki ile ile. Nilimwomba mlinzi anisaidie, tukaivuta kutoka kwenye pembe, sasa unaweza kumfikia mama pande zote mbili. Chumba kimebana zaidi na wenzangu wananung'unika.

Mwezi uliopita alikuja binti wa miaka 17 na mama yake. Hana mimba. Amekuja kwa kichwa na uchovu, ameshatibiwa taifodi mara tatu kwenye maduka ya dawa. Mama yake alikuwa ananieleza kwamba siku hizi amekuwa mvivu, akipewa mchi atwange mtama anatwanga kidogo anaacha, anakaa, halafu anaendelea, anaacha tena. Binti alikuwa anaangalia chini kwa aibu. Nilimpima kulia, 128. Nilimpima kushoto, 94. Nikasubiri dakika tano nikarudia, ikawa 130 na 96. Nikamwambia mama, "Mama, tafadhali usimwite mvivu tena," nikamwonyesha pa kuweka vidole. Aliweka, akaviondoa, akaviweka tena. Barua ya rufaa nimeiandika kwa namba zote nne. Wamepangiwa kupigwa picha ya CT Jumatatu, na mama ameuza mbuzi mmoja kwa ajili ya nauli.